Kikohozi Nyuma ya Ubao

Wiki nzima umekaa na swali hilo kooni, najua. Kile kikohozi cha stoo, kwa nini kilikatika ghafla kama redio iliyochomolewa ukutani?

Mpiga pasi naye alikuwa na swali hilohilo. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa umekaa kitako na gazeti lako. Yeye alikuwa amesimama na pasi ya mvuke mkononi, hatua chache tu kutoka mlango ule, na ndani ya mlango ule amefungiwa binti yake.

Akainamisha kichwa. Akatega sikio.

Kimya.

Wewe uliyetudaka njiani, sikiliza haraka. Kiwanda hiki kinashona jinzi. Zikishashonwa, jinzi mpya kabisa zinapulizwa mchanga kwa mpira wa hewa mpaka zipauke magotini na mapajani, maana huko ziendako kuna watu wanaolipa zaidi ili waonekane wamechakaa. Sisi tumechakaa bure.

Mchanga ule ukishatoka kwenye suruali hauendi mbali. Unaingia kifuani mwa anayepuliza. Ndio uliomuua mke wa mpiga pasi. Na sasa mpira uleule ameushika binti yao, yule ambaye kiwanda kizima kinamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Wanunuzi wamekataza mchanga. Wamekataza kwenye karatasi. Kwa hiyo siku ya wakaguzi, chumba cha mchanga kinafagiliwa, kinawekwa viti vya plastiki na maua ya plastiki, kisha mlangoni kinabandikwa jina: Chumba cha Mapumziko. Watu wa mchanga nao, kwa kuwa huwezi kubandika jina juu ya kikohozi, wanafichwa.

Leo wamefichwa stoo ya vitambaa. Mlango umepigwa kufuli, na mbele ya mlango umesukumwa ubao mkubwa wa magurudumu, umeandikwa kwa herufi nyekundu: HAKI ZA MFANYAKAZI.

Aliyefunga kufuli ni msimamizi, yule anayeitwa Filimbi kwa sababu ya kile anachoning'iniza shingoni. Ufunguo ameutia mfuko wa shati.

"Mzee Mvuke! Unapiga pasi au unaota?"

Filimbi mwenyewe, nyuma yake. Leo amevaa tai. Tai ya wageni.

"Mkuu," mpiga pasi akasema, "mle ndani kumenyamaza."

"Basi?"

"Walikuwa wanakohoa. Sasa hawakohoi."

"Si ndivyo nilivyowaambia?" Filimbi akacheka kidogo, meno tu, macho hayamo. "Kila mmoja nimempa kipande cha kitambaa. Akibanwa na kifua, ang'ate. Basi wanang'ata. Wana adabu kuliko wewe."

"Wote kwa mpigo mmoja?"

"Mzee, nikuulize. Unataka wakohoe?"

Mpiga pasi akaisimamisha pasi mezani.

"Nataka ufungue uchungulie tu. Binti yangu yumo."

"Na wageni wako pale kwenye vifungo, huwaoni? Nikifungua, wanaona. Wakiona, mkataba unakwenda. Mkataba ukienda, hawa wote," Filimbi akazungusha kidole juu ya vichwa vya washonaji walioinamia cherehani, "hawa wote wanamwaga unga kwa sababu ya mzee mmoja mwenye wasiwasi. Utawatazama usoni?"

Mpiga pasi akautazama ubao.

"Haya. Piga pasi. Na utabasamu, wageni hawapendi nyuso za matanga."

Akaondoka zake akinyoosha tai.

Hebu jiweke pale, msomaji. Labda Filimbi anasema kweli. Labda mle ndani wamekaa chini wameng'ata vitambaa, wanasubiri wageni waondoke, na wewe ukipiga kelele utakuwa umewaharibia kazi watu wote kwa ndoto zako. Au labda hawang'ati kitu tena.

Mpiga pasi alikuwa anavijua vitambaa vile. Mke wake alikuwa ameng'ata kimoja siku ya wageni wa mwaka ule. Jioni alipofika nyumbani alikitoa kinywani kikiwa na damu. Akakifua, akakianika, na asubuhi akakirudisha kiwandani kwa sababu kilikuwa mali ya kiwanda.

Alikirudisha, akasaini. Haikupita muda, naye akarudishwa udongoni. Hapo hapakuwa na wa kusaini.

"Shemeji."

Sauti ya chini, karibu na kiwiko chake. Alikuwa Mama Ndoo, mfagiaji, rafiki wa marehemu tangu wote wawili wako na nywele nyeusi. Tambara mkono mmoja, ndoo mkono mwingine.

"Shemeji, eti watu wa mchanga wamewekwa wapi leo? Stoo ya vifungo?"

"Ya vitambaa. Hii hapa nyuma ya ubao."

Ndoo ikamponyoka. Maji yakatapakaa sakafuni.

"Usiniambie."

"Kuna nini?"

"Shemeji, ile nimepuliza dawa."

"Dawa gani?"

"Ya mende! Jana jioni. Bosi mwenyewe aliniita akaniambia, wageni wasione hata mguu wa mende. Nimepuliza kopo zima. Akaniambia nizibe na dirisha kwa nailoni, hewa isipite mpaka kesho, dawa ifanye kazi."

Mpiga pasi akaugeukia ule mlango.

"Ulimwambia Filimbi?"

"Nimwambie Filimbi kwani alinituma yeye? Yule hata salamu ananipa kwa filimbi!" Mama Ndoo akaisimamisha ndoo. "Mimi nimejua saa ngapi kama watawekwa humo? Kila siku si huwa wanapelekwa stoo ya vifungo?"

Ni kweli. Kila siku ni stoo ya vifungo. Ila leo Filimbi ameona stoo ya vifungo ina dirisha linalotazama njia ya wageni, akabadilisha kwa akili zake. Hakumwambia Bosi. Bosi naye hakumwambia yeye habari za dawa. Wakubwa wawili, kila mmoja anapamba nyumba kwa wageni walewale, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anachokipamba. Wangekuwa wafagiaji wangeulizana.

"Nenda kamwambie Filimbi," mpiga pasi akasema.

"Yuko na wageni."

"Wageni wako wapi?"

"Geuka."

Wageni walikuwa wamefika.

Mbele alikuwa Bosi, tumbo limemtangulia. Pembeni yake mkuu wa wakaguzi, mama wa makamo, miwani yake imefungwa mnyororo mwembamba wa dhahabu. Nyuma yao wasaidizi na kamera zao. Filimbi akifunga msafara, mikono nyuma, kama mtu msikivu.

"Huyu ni mkongwe wetu," Bosi akasema, akimpiga mpiga pasi begani. "Hata mke wake alikuwa mfanyakazi wetu."

"Siku hizi yuko wapi?" yule Mama Miwani akauliza.

"Alipumzika," Bosi akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kustaafu.

Mama Miwani akatikisa kichwa kwa upole. "Na wewe mzee, unafurahia kazi?"

Jibu lilikuwepo. Walifundishwa wiki nzima, wakalisema kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: Hapa tuko kama familia moja, mama.

Filimbi alikuwa anamtazama mdomoni.

"Mama," mpiga pasi akasema, na sauti iliyotoka hakuitambua, "nyuma ya ubao huu kuna mlango. Nyuma ya mlango kuna watu. Wanakufa."

Cherehani zilikuwa zinalia kotekote. Mama Miwani akainama kidogo kama mtu anayetaka kusikia vizuri. Kisha akauangalia ule ubao. Akauangalia juu, akauangalia chini.

"Ubao mzuri," akasema. "Herufi kubwa. Hata asiyesoma sana anaona."

Akapita.

Hakusikia, mpiga pasi akajiambia. Kelele za mashine. Mtu hawezi kusikia neno lile akasifu herufi. Lazima hakusikia.

Wewe msomaji, lishike hilo mkononi. Usiliache lidondoke, tutalihitaji kabla hujakunja gazeti.

Filimbi ndiye aliyesikia. Kisigino cha kiatu chake kikashuka polepole juu ya vidole vya mpiga pasi, kandambili na vyote.

"Wageni wakipanda gari," akanong'ona akitabasamu, "wewe na binti yako kusanyeni vyenu."

Binti yako! Kama yupo.

Mpiga pasi akainua macho, na macho yakaangukia ubaoni. Shule yake iliishia njiani, lakini herufi kubwa anazijua. Akasoma mstari wa kwanza, midomo ikicheza. Si huo. Wa pili, si huo. Chini kabisa palikuwa na mstari peke yake: KENGELE YA HATARI IKILIA, MILANGO YOTE IFUNGULIWE MARA MOJA.

Milango yote.

Kengele ilikuwa ukutani karibu na meza yake, duara jekundu lenye kitufe. Siku zote imekufa, buibui ameshajenga na kuhama. Lakini jana fundi umeme alipanda ngazi akaitia betri mpya, kwa ajili ya wageni. Mpiga pasi alimwona kwa macho yake.

"Mama Ndoo," akasema, "sogea."

Akaitandaza jinzi moja mezani. Akaibandika pasi juu yake, akaikandamiza kwa mikono miwili, akasubiri. Harufu ikaja kwanza. Kisha moshi, mweupe, halafu wa rangi ya kahawa.

"Moto!" akapiga ukelele. "Moto jamani! Moto!"

Akakibamiza kitufe kwa ngumi.

Kengele ikalia!

Ikalia mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Mshonaji mmoja akaacha mguu juu ya kikanyagio, akashangaa waziwazi: "He! Kumbe hii kitu inalia!"

Filimbi akageuka mweupe kama pamba. Mkono ukaenda mfuko wa shati. Ukatoka na ufunguo. Mpiga pasi aliuona, ufunguo mdogo wa shaba, unang'aa. Filimbi akapiga hatua kuelekea ubaoni. Akapiga ya pili.

Fungua, mpiga pasi akaomba kimoyomoyo. Fungua, nitakuamkia shikamoo mpaka nizeeke.

Ndipo Filimbi akakutana macho na Bosi.  Bosi alitikisa kichwa mara moja tu, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi.

Kisha Bosi akawageukia wageni, mikono ameipanua, uso umejaa kicheko.

"Mazoezi!" akatangaza. "Wageni wetu, tumewaandalia mazoezi ya dharura! Muone wenyewe jinsi watu wetu walivyofundishwa!"

Ufunguo ukarudi mfukoni. Filimbi ikaingia mdomoni.

Priiii! "Mstari mmoja! Uwanjani! Msisukumane! Tabasamuni!"

Na watu wakatoka. Mstari mmoja, wanatabasamu, wengine hawajui kama wanakimbia moto au wanapigwa picha. Wageni wakapiga makofi. Mama Miwani naye akapiga makofi.

Ukumbi ukabaki mtupu. Kengele inalia, moshi unapanda, na ule mlango umefungwa vilevile.

Mzee wa watu aliamini maandishi ya ubaoni. Amefanya kazi humu miaka na miaka, anajua kwamba hata sabuni ya chooni inatoka siku ya wageni tu, na bado aliamini maandishi ya ubaoni. Usimcheke. Mtu akikosa pa kushika hushika chochote kilichoandikwa kwa herufi nyekundu.

Alikuwa amejibanza chini ya meza ya pasi. Nyayo za mwisho zilipopita, akachomoka.

Mtu mwingine naye akachomoka, chini ya meza ya pili.

"Nilijua umekimbia," mpiga pasi akasema.

"Nikimbilie wapi?" Mama Ndoo akajibu. "Kopo lilikuwa mkononi mwangu."

Wakaushika ubao. Magurudumu yalikuwa yamekazwa. Wakasukuma, haukutikisika. Wakasukuma tena, kwa mabega, kwa hasira ya miaka yote, na Haki za Mfanyakazi zikaenda chini kifudifudi kwa kishindo.

"Chiriku!" mpiga pasi akagonga mlango kwa kiganja. "Chiriku! Ni baba!"

Hakuna sauti. Akabandika sikio kwenye mbao. Kwa mbali akasikia kitu kinakwaruza, kucha labda, chini kabisa karibu na kizingiti.

Akairudia pasi yake, akaitupa ile jinzi inayofuka kwenye maji yaliyomwagika. Akaung'oa mpira wa mvuke, mvuke ukafyatuka ukamchoma mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakupiga hata yowe. Akaibeba pasi kwa mikono miwili kama mtu anayebeba jiwe, akaishusha juu ya kufuli.

Kufuli likagoma. Kufuli lilikuwa jipya. Kwa vitu vya kufungia watu, kiwanda hiki hakijawahi kubana matumizi.

"Piga komeo, shemeji! Mbao zimeoza!"

Akapiga komeo. Mara ya kwanza, vumbi. Mara ya pili, misumari ikalia. Akapiga tena, na komeo likang'oka na kipande cha mlango.

Harufu iliyotoka mle! Kali, tamu, inakamata koo kama mkono. Mama Ndoo akajifunika uso kwa kanga akaingia hivyohivyo.

Wa kwanza alitoka kwa magoti. Alikuwa mpuliza mchanga, kijana wa watu mwenye kope nyeupe kwa vumbi, kitambaa kimeshikamana na meno. Akafuata mwingine, na mwingine, wanatambaa, wanavutana kwa mashati. Macho mekundu, mate yanawatoka. Na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Wote wameng'ata.

"Binti yangu yuko wapi?"

Yule wa kwanza akatema kitambaa. "Dirishani. Alitoboa nailoni kwa pini ya nywele. Tulikuwa tunapokezana kuvuta hewa. Zamu zake akawa anawapa waliozidiwa."

"Kwa nini hamkugonga? Kwa nini hamkupiga kelele?"

Yule mtu akamwangalia kama anashangazwa na swali.

"Tulisikia sauti za wageni."

Mpiga pasi hakungoja zaidi. Akaingia, akakanyaga majora ya vitambaa, akamkuta chini ya dirisha amejikunja kama mtoto mchanga. Akambeba. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotakiwa kuwa, kama mama yake zile siku za mwisho.

Akamlaza juu ya meza ya pasi, katikati ya jinzi zilizokunjwa tayari kwa safari.

"Chiriku. Mama'ngu. Fumbua macho."

Midomo ya bluu. Taya zimekaza. Kitambaa kimo katikati ya meno, hata kukichomoa akashindwa.

Kengele ikanyamaza. Kuna mtu ameizima. Huko nje ilisikika sauti ya Bosi, imechangamka, inarudi: "Na sasa tuone sehemu ya mwisho, ya pasi..."

Chiriku akafumbua macho.

Akamtazama baba yake. Akatazama mabati. Kwa shida akakisukuma kile kitambaa pembeni kwa ulimi, akanong'ona maneno yake ya kwanza.

"Baba... wageni wameshaondoka?"

Hebu niache kidogo nipumue, msomaji. Mtoto anatoka kaburini, na anauliza kama wageni wameondoka.

"Usijali wageni," baba yake akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka hata hajui. "Kohoa."

Chiriku akatikisa kichwa. Hapana. Alikuwa ameshawaona. Bosi mlangoni, Filimbi ubavuni mwake, Mama Miwani, kamera. Nyuma yao wafanyakazi wote waliotoka uwanjani, wamesimama wamepigwa na butwaa.

"Watakufukuza," Chiriku akanong'ona.

"Kohoa, mwanangu. Nakuamuru mimi."

Akakichomoa kitambaa mdomoni mwa binti yake, akakitupa chini.

Na Chiriku akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, kinatoka chini kabisa, kinamnyanyua mgongo mezani. Kikafuata cha yule mpuliza mchanga wa kwanza, pale sakafuni. Kisha wenzake. Halafu, nyuma kabisa kule mlangoni, mshonaji mmoja mwanamke, ambaye wala si mtu wa mchanga, akakohoa. Akafuata wa pembeni yake, na mkata nyuzi, na mbeba maboksi. Maana vumbi lile haliulizi umeandikishwa idara gani. Wote walikuwa wamekibana kikohozi tangu asubuhi. Ukumbi mzima ukakohoa, mabati yakaitikia, na ukumbi ukakohoa tena.

Filimbi aliinua filimbi yake. Akaishusha.

Mpiga pasi akamgeukia Mama Miwani. Mkono umebabuka kwa mvuke, nguo zinanuka dawa.

"Mama," akasema, "safari hii umesikia?"

Mama Miwani akaivua miwani. Akaifuta kwa kitambaa laini, taratibu, akaivaa.  Alimgeukia Bosi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoshwa na mtumishi mzembe.

"Si nilikwambia uwatoe nje ya kiwanda? Uwapeleke mbali, nikija nisiwakute? Umenifichia humuhumu ndani, halafu mzee mzima ananiambia usoni na mimi nalazimika kusifu ubao!"

Umeona? Alisikia. Alisikia kila neno.

Akawageukia wasaidizi wake. "Zimeni kamera."

Zikazimwa.

 Miaka yote mpiga pasi alikuwa akimtukana Bosi na Filimbi moyoni mwake, na moyoni humohumo alikuwa amemwekea kiti mtu mmoja: mgeni. Siku moja mgeni atafika, aone, aseme. Kumbe mgeni alikuwa na kiti chake tayari, upande ule mwingine wa meza.

Bosi akapangusa jasho. "Filimbi. Geti. Asitoke mtu mpaka tuelewane hapa."

Priiii! Mara tatu, fupi. Ishara ya geti.

Uani, mlinzi wa geti akaisikia. Na mlinzi huyo, kama ulikuwa nasi tangu mwanzo unakumbuka, ndiye mchumba wa Chiriku. Jitu refu, pole, ambalo mpiga pasi hajawahi kulipenda hata siku moja. Si kwa ubaya wake. Kwa utii wake. Aliwahi kumwambia binti yake: mtu huyo hata akiungua atasubiri aambiwe ajizime.

Mlinzi akavuta mnyororo. Akaupitisha kwenye geti. Akafunga kufuli. Akautia ufunguo mkononi.

Mpiga pasi alikuwa ameshambeba Chiriku, anatoka naye uani, Mama Ndoo ubavuni, watu wanampisha njia.

"Anahitaji hospitali," akasema. "Fungua."

Mlinzi akamwona aliyebebwa. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyezibuliwa masikio ghafla.

"Ni... ni nani kamfanya hivi?"

"Fungua geti, mwanangu," mpiga pasi akasema. Hajawahi kumwita mwanangu. Wote wawili walilisikia neno hilo.

"Wewe!" Bosi akafoka kutoka mlangoni. "Lete ufunguo huo hapa! Sasa hivi!"

Ufunguo ulikuwa mmoja. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa miwili: wa Bosi, safi, wenye saa, na wa mpiga pasi, umebabuka mpaka kwenye kiwiko, umechomoza chini ya mgongo wa binti yake. Na mtu ambaye maisha yake yote amefanya lile aliloambiwa, leo alikuwa anaambiwa na wote wawili kwa pamoja.

Mlinzi akautazama ufunguo. Akautazama mkono wenye saa. Akautazama mkono uliobabuka.

Akapiga hatua.

Na hapo, katikati ya ua, mbele ya macho ya kiwanda kizima, kikohozi cha Chiriku kikakatika tena.

Safari hii hakuwa na kitambaa mdomoni.